“Hakiliki” ya Kichina Ina Sababu Nyingi

Vijana wetu wanaokwenda China kwa masomo, na ndugu zetu wanaofuata bidhaa Guangzhou, hulalamikia kwanza maandishi ya Kichina, kisha toni zake. Malalamiko hayo ni ya haki. Hata hivyo liko jambo la tatu, lisilotajwa sana, linalomkwamisha mwanafunzi hata akishajua maneno mengi. Nalo ni lile neno dogo linalofuata kitenzi, ambalo wanasarufi huliita kijalizo.

Katika Kichina kitenzi mara nyingi hutaja juhudi tu, na matokeo hutajwa na neno linaloambatana nacho kwa nyuma. Zhao ni kutafuta. Zhaodao ni kutafuta na kupata. Ting ni kusikiliza. Tingdong ni kusikiliza na kuelewa. (Alama za toni tumeziacha, mwanafunzi azifuate kitabuni mwake.) Mwalimu akiuliza kama somo limeeleweka, na kijana akajibu kwa ting peke yake, amesema tu kwamba masikio yake yalikuwapo darasani.

Ukanushaji ndio wenye mambo zaidi. Sisi hutenganisha “sikupata” na “haipatikani”. Mchina naye hutenganisha: mei zhaodao, alitafuta asipate, zhao bu dao, bu ikiwa imepenyezwa katikati, hata akitafuta haipatikani. Kwa hiyo Mswahili, kwa kauli yake ya “-ika”, ameshafika nusu ya njia. Tatizo ni kwamba “-ika” yetu haisemi sababu. Tukisema “chakula hiki hakiliki”, msikilizaji hubaki akikisia: kimechacha, kimezidi chumvi, au ni kingi mno? Kijalizo cha Kichina mara nyingi hutaja sababu.

Tutazame kitenzi chi, yaani kula. Chi bu wan: hakimaliziki kwa wingi wake. Chi bu xia: hakipiti tena kooni, mlaji ameshiba. Chi bu qi: bei yake haimudiki. Chi bu dao: mahali hapa hakipatikani. Chi bu guan: mlaji hajakizoea.

Hapa ndipo Muislamu anapopaswa kuwa makini. Kijana aliyealikwa, akaandaliwa nyama ya nguruwe, kisha kwa kuona haya akasema chi bu guan, ametoa udhuru wa ulimi na si wa dini. Mwenyeji mkarimu atamsihi aonje kidogo ili azoee. Akisema chi bu xia, huenda akafungiwa chakula hicho akale baadaye. Mwenyeji hana lawama, kwani ametenda wema kwa mujibu wa maneno aliyoambiwa. Katika vijalizo hivyo vyote hakuna kinachobeba maana ya haramu, basi viachwe, na jambo lisemwe wazi: Wo shi musilin, bu neng chi zhurou, mimi ni Muislamu, siwezi kula nyama ya nguruwe. Ajue pia kwamba rou, yaani nyama, ikitajwa peke yake kwa kawaida hueleweka kuwa ya nguruwe. Ya ng’ombe ni niurou. Ya kondoo au mbuzi ni yangrou.

Waislamu wa jamii ya Hui, ambao wengi wao Kichina ndiyo lugha yao ya nyumbani, huandika qingzhen kwenye migahawa yao. Maneno hayo mawili yana maana ya “safi” na “kweli”, na ndiyo yanayotumika kwa chakula cha halali. Katika mgahawa wa namna hiyo, chi bu xia ni udhuru wa tumbo tu, na hauna hatari.

Mzazi asiyejua hata neno moja la Kichina anaweza kumsaidia mwanawe. Kwa kila kitenzi kipya amuulize maswali mawili: ukifaulu unasemaje, na usipoweza unasemaje? Kwa kan, yaani kutazama au kusoma, kijana ajibu kandong, amesoma akaelewa, na kan bu dong, anasoma wala haelewi. Akisita, arudi kwenye daftari kabla ya kuongeza kitenzi kingine.