Hofu ya Mtoto Darasani na Afya ya Mwili Wake

Miongoni mwa maneno yanayosemwa kwa wepesi mno katika ofisi za walimu ni haya: "Huyu anajisingizia." Mtoto analalamika tumbo asubuhi ya Jumatatu, au kichwa kabla ya jaribio la Hisabati, mwalimu anamtazama, haoni homa wala jeraha, naye huhukumu papo hapo. Sisi twaona kwamba hukumu hiyo mara nyingi si ya haki. Kwa desturi jambo hili huachiwa mganga wa zahanati. Sisi twaliweka katika mbinu za kufundisha, na hatuna budi kueleza kwa nini.

Tuanze na mwili wenyewe. Mtu anapotishwa, tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo humwaga katika damu kichocheo kiitwacho adrenalini. Moyo huenda mbio, pumzi huwa fupi, sukari hutoka katika ini kwenda kulisha misuli, na tumbo hupunguza kazi yake, kwa kuwa mtu anayemkimbia chui hana haja ya kusaga maharagwe wakati huo. Walter Cannon wa Marekani alieleza mpango huu katika kitabu chake cha 1915. Mnamo 1936 Hans Selye, aliyefanya kazi Montreal, nchini Kanada, alionyesha kwamba panya walioteswa kwa baridi, kwa majeraha au kwa kuchoshwa kupita kiasi walipata madhara yanayofanana, vikiwemo vidonda vya tumbo, ingawa mateso yao yalikuwa mbalimbali. Mpango huo wa mwili ni mwema kwa hatari ya dakika tano. Ubaya wake huanza pale chui anaporudi kila siku, tena kwa ratiba iliyobandikwa ukutani. Hapo kichocheo cha pili, kotisoli, hudumu katika damu kuliko inavyopasa. Usingizi huharibika, kinga ya mwili hupungua, na kumbukumbu hudhoofika. Mtoto huwa mwepesi wa kulia au wa kupigana, na wengine waliokwisha acha kukojoa kitandani huanza tena.

Mwalimu mtarajiwa ataliona jambo hili waziwazi katika kipindi cha hesabu za kichwa, hasa pale mwalimu anapopita kati ya madawati akiwa na fimbo mkononi. "Saba mara nane?" Mtoto aliyekuwa akijumlisha bei za ndizi gulioni bila kukosea hushindwa kufumbua kinywa. Wapo watakaosema hakujisomea. Lakini hesabu ya kichwa hufanyika katika sehemu finyu sana ya akili, ambamo tarakimu chache tu huweza kushikiliwa kwa wakati mmoja. Hofu ikiingia humo, saba na nane hutoka. Mwalimu huyo hapimi Hisabati. Anapima ni nani anayeogopa kidogo kuliko wenzake.

Mfano mkubwa kuliko yote tunaoujua ulitokea katika mkoa wetu huu, ambao wakati ule uliitwa Ziwa Magharibi. Tarehe 30 Januari 1962, wiki chache baada ya Uhuru, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni huko Kashasha, kusini ya Bukoba, walianza kucheka na kulia bila kuweza kujizuia. Kufikia tarehe 18 Machi wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa, na shule ikafungwa. Ilifunguliwa tarehe 21 Mei, hali ikarudi, ikafungwa tena mwishoni mwa Juni. Kwa wengine hali hiyo ilidumu saa chache, kwa wengine siku nyingi, na waliozuiliwa kwa nguvu walizidi kuhangaika. Kijijini Nshamba, ambako baadhi ya wasichana hao walirudishwa kwao, watu 217 walipatwa, wengi wao wakiwa watoto wa shule na vijana. Madaktari Rankin na Philip, walioandika habari hizi mwaka 1963, walichunguza damu na kutafuta sumu katika vyakula, wasione kijidudu wala sumu. Hakuna aliyekufa. Na jambo ambalo mwalimu hana ruhusa ya kulipita: walimu wa Kashasha hawakupatwa.

Habari hii husimuliwa nchi za nje kama kichekesho, ati watu wa Tanganyika walicheka mwaka mzima kwa sababu ya mzaha mmoja. Ni upuuzi. Hakuna kifua cha binadamu kinachoweza kucheka mwaka mzima. Hali ile ilikuja na kuondoka, ikichanganyika na vilio na hofu ya kuandamwa. Christian Hempelmann, mtaalamu wa isimu, katika makala yake ya 2007 alisisitiza kwamba kicheko kile hakikutokana na furaha, bali kilikuwa dalili ya dhiki iliyokusanyika katika kundi la watu wasiokuwa na njia nyingine ya kuitoa. Sisi twamwunga mkono. Wasichana wa bweni, mbali na mama zao, kati ya desturi za nyumbani na masharti ya shule, wasingeweza kumwendea mkubwa yeyote na kusema, "Nimelemewa." Mwili ukasema kwa niaba yao. Kila tusikiapo leo kwamba wasichana wa shule fulani wameanguka na kupiga kelele, na kwamba wazee wameitwa kufukuza pepo, yafaa tujiulize kwanza mabweni yao yakoje, na kama mitihani imekaribia.

Hapa Kabanga hatuna haja ya kusafiri hadi Muleba ili kutafuta mifano. Mtoto anayeingia darasa la kwanza amezoea Kihangaza, ndugu wa Kirundi, na siku ya kwanza hukuta kwamba lugha aliyoitumia kumwomba mama yake maji sasa ni kosa. Mwingine hulala karibu na barabara ambamo malori hungoja kuvuka kwenda Burundi, naye huchuuza karanga kwa madereva mpaka usiku. Wapo pia wanaolelewa na watu wazima walioyaona mambo mazito: wakimbizi waliokuja kutoka Burundi mwishoni mwa 1993, na wale wapatao 250,000 waliovuka daraja la Rusumo kwa muda wa saa 24 hivi mwishoni mwa Aprili 1994. Nyumba iliyobeba kumbukumbu kama hizo huweza kuwa na ukimya ambao mtoto huja nao shuleni pamoja na daftari lake. Mwalimu hawezi kuuondoa. Anaweza tu kuacha kuuongezea mzigo.

Tunajua jibu ambalo wengi wanalo tayari: "Sisi tulichapwa, na bado tukasoma." Ni kweli kwamba waliosoma wapo. Ila waliotoroka hawamo katika chumba cha walimu ili watoe ushahidi wao. Tena sheria yenyewe haiko upande wa fimbo ya hesabu za kichwa. Kanuni za 2002 zinaruhusu viboko kwa makosa mazito ya nidhamu tu, visizidi vinne, kwa mkono wa mwalimu mkuu au mwalimu aliyempa idhini ya maandishi, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Kutojua saba mara nane si kosa la nidhamu.

Hatusemi kila tumbo linalouma linatokana na hofu. Malaria ipo, minyoo ipo, na njaa ipo. Mtoto mgonjwa apelekwe zahanati kwanza. Wala hatusemi darasa liwe mahali pa usingizi. Wasiwasi kidogo kabla ya mashindano humwamsha mtoto. Tunachokikataa ni hofu isiyokuwa na mwisho. Kwa hiyo mwalimu aulize swali kwa darasa zima, anyamaze kwa muda wa pumzi tatu au nne, kisha ndipo ataje jina. Matokeo ya mtoto aliyeshika mkia yasisomwe mbele ya wenzake. Akianguka mmoja, apelekwe kivulini na mtu mmoja mtulivu, na wengine waendelee na kazi. Kundi lisikusanywe kumtazama. Mwalimu naye, hasa kijana aliyepangwa mbali na kwao na kukabidhiwa darasa la watoto 90, huwa na msongo wake, na yafaa awe na mwenzake wa kumweleza kabla hajaumalizia kwa watoto.

Tungependa pia kila mwalimu-mwanafunzi anayekwenda mazoezini aweke ukurasa mmoja katika daftari lake la maandalio: nani amelalamika maumivu, siku gani, kipindi gani. Baada ya wiki tatu asome ukurasa huo pamoja na mkufunzi wake. Ikionekana kwamba matumbo karibu yote huuma Jumanne kabla ya kipindi cha tatu, mkufunzi aombe ruhusa ya kukaa nyuma ya darasa katika kipindi hicho.