Pimeni Gari Kwanza, Ndipo Mmshitaki Dereva



Tuna neno juu ya madereva, nasi twalisema waziwazi. Kati ya Kitengela na Kajiado tumeona ubaya huu: pikapu ya kazi ikinywa dizeli kupita kiasi, wakubwa hawamwiti fundi, humwita dereva. Humwambia, "Wewe umeuza mafuta." Mwisho wa mwezi mshahara wake hukatwa, naye hurudi nyumbani na jina la mwizi. Je, ndugu, hiyo ni haki?

Sisi wa reli twashangaa. Injini ya treni ikila mafuta kuliko desturi yake, mahali pake ni karakana, ikafunguliwa na kutazamwa. Pikapu nayo ni mashine. Ulafi wake una sababu, na sababu hizo huonekana kwa macho na kwa mikono.

Sikilizeni habari za ndugu yetu mmoja. Mwajiri wake hatumtaji, maana twapigana na ubaya, si na jina la mtu. Pikapu yake hubeba vyuma na saruji toka Kitengela hata Kajiado. Zamani lita 1 ilikwenda kilomita 10, kisha ikawa kilomita 7 tu. Kwa safari za kilomita 700 gari likanywa lita 100 badala ya 70. Akaambiwa azilipe hizo lita 30. Akakataa kutia sahihi, akaja kwetu.

Tulichanga fedha tukaenda kwa fundi pale Kitengela. Fundi hakuanza na injini. Aliinua magurudumu ya nyuma kwa jeki, akayazungusha kwa mkono. Moja likakataa: waya wa breki ya mkono ulikuwa umekwama kwa kutu, breki inashika mchana kutwa, na injini inavuta gari lililofungwa. Akapima upepo wa tairi. Zote zilikuwa chini ya kipimo kilichoandikwa kwenye kibao cha mlangoni. Akafungua chujio la hewa. Lilikuwa limezibwa na vumbi la saruji na la barabara, injini haipati pumzi, inatoa moshi mweusi. Na mambo hayo dereva alikuwa ameyataja mara tatu! Jibu alilopewa ni hili: "Endesha tu, pesa hakuna."

Waya ukatengenezwa, chujio likawekwa jipya, tairi zikatiwa upepo. Kisha tulipima, wala si kwa kubahatisha. Kila mwanachama na ajifunze njia hii. Jaza tangi mpaka pampu ijizime, uandike namba ya kilomita. Fanya kazi zako siku kadhaa, kwenda na kurudi, kwa mzigo wa kawaida. Jaza tena kwenye pampu ile ile mpaka ijizime. Lita ulizotia sasa ndizo ulizotumia. Gawanya kilomita kwa lita hizo. Yetu ilikuwa kilomita 700 kwa lita 73, yaani zaidi ya kilomita 9 na nusu kwa lita 1. Basi mwizi ameonekana! Ni breki, upepo na vumbi, pamoja na yule aliyekataa kumlipa fundi.

Gari lisipopona kwa hayo, fundi aendelee mbele. Atazame mabomba ya mafuta kama yanavuja, nozeli kama zimechakaa, mpira wa hewa wa turbo kama umepasuka, na kile kifaa kinachodhibiti joto la maji, maana kikikwama wazi injini hubaki baridi na kula zaidi. Wakubwa nao wakumbuke mambo mengine. Injini ikiwaka bure katika msongamano wa Kitengela, mafuta yaisha na kilomita haziongezeki. Mzigo ukizidi, mafuta huzidi. Tena wakifunga tairi kubwa kuliko za asili, mita itaonyesha kilomita chache kuliko zile gari lilizokwenda kweli, na dereva ataonekana mwizi kwa hesabu ya uwongo.

Watu wengine watasema, "Lakini wako madereva wanaonyonya mafuta kwa mpira usiku." Wako, nasi hatuwatetei. Mwizi wa mafuta awachafua wenzake wote. Lakini wizi huthibitishwa, haudhaniwi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa hasara ya mali iliyoletwa na kosa la makusudi la mfanya kazi. Breki iliyokwama ni kosa la makusudi la nani? Na kifungu cha 41 chasema kabla mtu hajafukuzwa kwa utovu wa adabu, aelezwe sababu kwa lugha anayoifahamu, akiwa na mfanya kazi mwenzake au mjumbe wa chama aliyemchagua, naye asikilizwe.

Kwa hiyo twataka mambo matatu. Kwanza, gari lipimwe na fundi, mjumbe wetu akiwapo, kabla ya senti moja kukatwa. Pili, taarifa ya ubovu ipokewe kwa maandishi. Tatu, aliyekatwa bila haki arudishiwe fedha zake.

Nanyi madereva, msilale. Pimeni upepo kila juma. Baada ya safari sogezeni mkono karibu na kila gurudumu, na lile lenye moto kuliko wenzake lina neno. Andikeni kilomita na lita katika daftari lenu wenyewe, mtunze risiti. Ubovu muuandike na tarehe, nakala ibaki kwenu. Msitie sahihi karatasi msiyoielewa.

Siku ile daftari la ndugu yetu ndilo lililomwokoa. Bila hilo, tungekuwa na maneno matupu mbele ya mwenye kalamu.

Umoja ni nguvu.