Usiache mbachao: spika za zamani katika bwalo la shule

Msimu wa mahafali unapofika, mabwalo mengi ya shule za sekondari husikia risala za aina moja. Wahitimu hushukuru, hueleza mafanikio ya taaluma, kisha hutaja mahitaji. Na miongoni mwa mahitaji hayo halikosekani ombi la mfumo wa kisasa wa sauti. Mgeni rasmi huahidi, ukumbi hupiga makofi, na ahadi ikitimia huletwa spika mbili kubwa na amplifaya mpya. Vifaa vilivyokuwapo hubebwa hadi stoo, vikawekwa juu ya madawati yaliyovunjika, na baada ya miaka michache mtu huviandika kuwa chakavu bila kuvijaribu hata mara moja.

Ninaandika nikiwa na shule za Handeni na Korogwe akilini, ingawa jambo lenyewe halina mpaka wa wilaya. Hoja yangu ni hii: shule inayoboresha sauti ya bwalo lake ianze kwa kupima ilicho nacho, itumie kinachofaa, na fedha mpya izielekeze kwenye pengo halisi. Kufanya kinyume chake ni kutapanya mali ya umma, na mara nyingi hakumsaidii mwanafunzi anayekaa nyuma.

Tuanze na fedha. Elimu bila malipo ilianza kutekelezwa Januari 2016 kufuatia Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015, na ruzuku ya uendeshaji kwa mwanafunzi wa sekondari ikawa shilingi 25,000 kwa mwaka. Shule yenye wanafunzi 600 kwa kiwango hicho ina shilingi milioni 15 kwa mwaka mzima, na sehemu yake ni ya vitabu. Kinachobaki kinasubiriwa na chaki, ukarabati, mitihani na dharura. Katika hesabu kama hiyo, spika nzima inayooza stoo ni kitabu ambacho hakikununuliwa.

Lakini hata kama fedha ingekuwapo, bado kuna swali la ufundi. Bwalo letu la kawaida lina paa la bati, sakafu ya saruji na kuta tupu. Sauti ikitoka jukwaani hugonga kila upande na kurudi kama mwangwi. Sauti inayomfikia msikilizaji moja kwa moja hupungua kwa takriban desibeli 6 kila umbali unapokuwa maradufu, wakati mwangwi hubaki karibu uleule ukumbi mzima. Ndiyo maana wa mbele huziba masikio na wa nyuma husikia mvumo usio na maneno. Kuongeza wati za spika za jukwaani huongeza vyote viwili, sauti na mwangwi wake.

Dawa inayofahamika ni kusogeza sauti karibu na msikilizaji: spika ndogo kadhaa katikati na nyuma ya ukumbi, kila moja ikizungumza kwa upole. Hapa ndipo zile za zamani zinapopata kazi. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Kwa hiyo aliye mita 17 kutoka jukwaani husikia baada ya milisekunde 50. Spika iliyo karibu naye ikitangulia, maneno yatagongana. Vifaa vya zamani vilikosa njia rahisi ya kuichelewesha spika hiyo. Miksa nyingi za kidijitali za leo zinayo. Miksa moja mpya, basi, inaweza kuzipa uhai spika nne za zamani.

Kipi kitumike tena na kipi kiachwe? Kipaza sauti cha waya kinachofanya kazi kwa sumaku na koili hudumu sana. Shure SM58, iliyoingia sokoni mwaka 1966, inauzwa hadi leo ikiwa na umbo lilelile. Spika zisizo na amplifaya ndani yake nazo huishi miaka mingi. Cha kukagua ni ukingo wa koni: ule wa sponji huoza kwa joto na unyevu, ule wa kitambaa huvumilia. Amplifaya ya zamani huchoshwa na kapasita zinazokauka, na fundi mzuri huzibadilisha kwa gharama ndogo. Spika za tarumbeta zenye transfoma ya volti 100 zinafaa sana uwanjani wakati wa mstari wa asubuhi, ila zinahitaji amplifaya yenye njia yake na zisichanganywe na spika za kawaida. Hesabu ya omu pia haina huruma: spika mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba huwa omu 4, nne huwa omu 2, na amplifaya nyingi haziwezi mzigo huo.

Viko vitu visivyostahili huruma. Waya za umeme zilizochunika ziondolewe siku hiyohiyo. Vipaza sauti visivyo na waya vya miaka iliyopita vichunguzwe masafa yake, kwa kuwa TCRA ilinadi masafa ya megahezi 700 mwaka 2018 kwa ajili ya mawasiliano ya simu. Kifaa kinachorusha humo kitaingiliwa, nacho kitawaingilia wengine. Na kilichokufa kabisa kisichomwe katika shimo la taka nyuma ya jiko. Tangu mwaka 2021 tunazo kanuni za usimamizi wa taka za vifaa vya umeme na kielektroniki chini ya Sheria ya Mazingira, na risasi iliyo katika viungio vya saketi haijui kama waliokaa upande wa upepo ni watoto.

Kwa nini basi hatufanyi hivi? Sababu yake ni ya kiutawala kuliko ya kiufundi. Kifaa kipya kina risiti moja, picha moja na jina la mfadhili ubavuni. Matengenezo yana risiti ndogondogo, na huenda fundi wa Manundu au Chanika mwenye ujuzi hajasajiliwa katika mfumo wa NeST. Mkuu wa shule akifikiria maswali ya mkaguzi, huona kununua kipya ndiyo njia ya usalama. Simlaumu. Hata hivyo Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 inadai thamani ya fedha, na hakuna thamani katika kununua mara ya pili kitu ambacho tayari unacho. Maafisa ununuzi wa halmashauri wanaweza kulimaliza hili kwa sharti jepesi: ombi lolote la mfumo wa sauti liambatane na ukurasa mmoja wa matokeo ya majaribio ya vifaa vilivyopo, na vifaa vipya viwe na uwezo wa kuunganishwa navyo. Mafundi wa eneo nao wasaidiwe kusajiliwa.

Kuna pingamizi ninaloliheshimu: mbona watoto wa wakulima ndio waambiwe waridhike na vya zamani? Tumechoka kufanywa jalala. Pingamizi hili lina haki yote linapohusu mizigo ya mitumba ya kielektroniki kutoka nje, inayofika ikiwa nusu mfu. Mimi ninazungumzia mali ambayo shule imekwisha kuilipia na inaijua historia yake. Kisichofaulu jaribio kisirudishwe ukumbini, na kilichookolewa kiandikwe wazi kimenunua nini kingine.

Isitoshe, kazi hii yenyewe ni somo. Mkondo wa amali ulianza kuingia sekondari mwaka 2024, na Handeni ina Chuo cha Maendeleo ya Wananchi. Kupima ukinzani wa spika kwa mita ni kanuni ya Ohm ikiwa mikononi mwa mwanafunzi. Nchi hii inaijua nguvu ya sauti iliyosikika vizuri: mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya takriban watu milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadiliana.

Wahenga walionya: usiache mbachao kwa msala upitao. Wanafunzi, wanaharakati na watumishi wa umma mnaosoma hapa, pendekezeni kipimo kisicho na gharama kabla ya ununuzi na baada yake. Mtu asome jukwaani maneno 20 yasiyohusiana, na wanafunzi wa mstari wa mwisho wayaandike. Wakiandika tisa kabla na tisa baada, tumenunua mapambo, hata kama mgeni rasmi alisikika hadi barabarani.