Tebo ya Kuzidisha Haijapitwa na Wakati

Juzi kwenye mahafali ya darasa la saba, mgeni rasmi alitutangazia wazazi kwamba kukariri kumepitwa na wakati, maana majibu yote sasa yamo mtandaoni. Ukumbi mzima ukampigia makofi. Hasira ya maneno hayo haijaniisha hadi leo.

Mtoto atafikirije kwa kutumia kitu kisichokuwamo kichwani mwake? Mwaka 1956 mwanasaikolojia wa Marekani, George Miller, alionyesha kwamba akili hushika vitu kama saba tu kwa mkupuo. Waliomfuata wakashusha hadi vinne hivi. Miaka ya 1980 John Sweller, huko Australia, akaeleza kinachotokea mambo mapya yanapozidi nafasi hiyo finyu: mtoto anakwama. Kinachomwokoa ni yale aliyokwisha kuyahifadhi.

Mtazame binti wa darasa la sita akijumlisha 5/6 na 7/8. Kama tebo imemkaa, 24 inamjia yenyewe na anaendelea. Kama haimo, anashika simu atafute 6 mara 4, anarudi kwenye daftari, na hakumbuki tena alikuwa anatafuta nini. Nimeyaona haya kwa mpwa wangu, mezani kwangu, tena si mara moja. Simu ilimpa namba, hesabu ikampotea.

Wanatuambia eti watoto wa siku hizi wamezaliwa na simu mkononi. Kwa hiyo? Kujua kufungua vikatuni ndiko kujua kusoma? Peru iligawa kompyuta ndogo zaidi ya 800,000, na utafiti wa 2012 haukuona watoto wakipanda kwa Hisabati wala kwa lugha. Hapo jirani Kisumu, Kenya, watafiti walijaribu kuwapa vifaa vya kielektroniki wanafunzi, walimu, au maofisa wanaowatembelea walimu. Matokeo yalichapishwa 2016: usomaji wa watoto wa makundi hayo haukupishana kwa kiasi cha kutajika, lakini kumpa kila mtoto kifaa ndiko kulikokula fedha nyingi kuliko kote.

Na bado tunaletewa barua za mchango wa kompyuta, kwenye shule ambako watoto watatu wanagombea kitabu kimoja cha Sayansi! Tuliambiwa elimu bila ada.

Njia isiyo na gharama tunayo tayari: mwalimu wa madrasa hamwongezei mtoto aya mpya kabla ya kumsikiliza ya jana. Mwaka 2006 watafiti Roediger na Karpicke walithibitisha jambo hilohilo kwa vipimo: aliyejipima bila kutazama alikumbuka zaidi baada ya wiki kuliko aliyerudia kusoma tu. Walimu wetu wamekwisha kugawiwa vishikwambi vya sensa ya 2022. Wahifadhi humo maswali matano ya wiki iliyopita, waanze nayo kila kipindi, madaftari yakiwa yamefungwa. Kwa hilo mzazi hachangishwi hata shilingi.