Funzo la Nguzo Ndogo

Mwezi huu twapenda kusema na vijana, na wazazi wao pia, juu ya kazi iliyo ndogo mno kwa jicho.

Juu ya mapaa ya Arusha twaona madishi ya televisheni. Dishi lina kina ili likusanye mawimbi mahali pamoja. Wataalamu wa maabara ya JPL, huko California, Marekani, wameunda antena iliyo bapa. Walitwaa kipande chembamba cha silikoni, ambayo asili yake ni mchanga, wakakichonga kwa gesi, zikabaki nguzo nyingi ndogo za kimo kimoja. Kisha wakazivika dhahabu. Wimbi huanzia katikati, likapita juu ya nguzo hizo, na kila hatua sehemu yake huruka nje. Upana na mwelekeo wa kila nguzo umepimwa, ili sehemu zote zielekee upande mmoja. Ni kama safu za sala: wakipotoka wachache, safu nzima huharibika.

Wimbi la redio ya FM lina urefu wa mita 3 hivi. Haya ni ya milimita 1 au pungufu. Basi hata kosa la unene wa unywele ni kosa kubwa.

Yana faida gani? Mvuke wa maji huyameza. Ndiyo sababu mitambo ya ALMA, iliyozinduliwa Chile mwaka 2013, iko katika jangwa lililo juu kuliko kilele cha Meru chenye mita 4,566. Misitu yetu yenye ukungu isingefaa. Lakini kwa sababu iyo hiyo, mawimbi haya hutumika kupima mvuke na barafu ya mawingu ya juu kutoka angani, kama ilivyofanya satelaiti ya Aura, iliyorushwa mwaka 2004. Na huko angani chombo chepesi ndicho kitakiwacho.

Wako wazazi wadhanio kwamba elimu hizi humtenga kijana na dini. Sivyo. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965, aliuchunguza mwanga kwa majaribio, naye ni Mwislamu. Leo hapa Tengeru, chini ya Meru, ipo Taasisi ya Nelson Mandela ya sayansi na teknolojia. Mtoto, wa kiume au wa kike, aliyeachishwa hesabu mapema hataufikia mlango wake.

Yatupasa tuwafundishe watoto Kurani na hesabu pamoja, na tuwazoeze kutimiza kazi hata pasipoonekana na mtu. Mwenyezi Mungu atuwezeshe. Amin.