Omena Isiondoke Yote na Lori

Na Beatrice Akoth

Jua likiwaka, omena hutandazwa juu ya nyavu kuukuu ufuoni, kuanzia pande za Kisegi na Mbita, Homa Bay, mpaka Sori na Muhuru kule Migori. Kina mama huigeuza, huondoa mchanga, huipima kwa gorogoro na kuijaza maguniani. Kisha lori hufika. Sehemu kubwa ya samaki hao haiingii kwenye sufuria ya mtu yeyote. Husagwa ikawa chakula cha kuku na nguruwe.

Nyumbani kwa walioianika, mtoto aweza kula ugali na sukuma wiki siku nenda siku rudi. Akipauka, mama hutoa pesa za omena kununua chupa ya vitamini kwenye duka la dawa. Biashara hiyo ni ya hasara.

Omena huliwa nzima, na hapo ndipo ubora wake ulipo. Mifupa ina kalsiamu. Kichwa na matumbo yana vitamini A. Mwili una madini ya chuma, zinki na vitamini B12, ambayo mboga hazina kabisa. Mnofu wa mbuta uliotolewa mifupa ni mtamu, lakini kalsiamu yake imebaki jalalani.

Ni kweli serikali haijalala. Tangu 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi na wa ngano unaopakiwa viwandani uongezwe vitamini na madini, na katika wiki za Malezi Bora, Mei na Novemba, watoto kuanzia miezi 6 hadi miaka 5 hupewa matone ya vitamini A. Ila familia nyingi za vijijini husaga mahindi yao kwenye mashine za posho, ambako kwa kawaida hakuongezwi kitu.

Mboga nazo zipo: osuga, dek, apoth, boo. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta ametumia miaka mingi kuthibitisha kwa utafiti thamani ya mboga hizi zilizowahi kudharauliwa kama magugu. Wazee waliopika osuga kwa maziwa au samli hawakukosea, kwani mwili hufyonza vitamini A vizuri ukipata mafuta. Magadi, kinyume chake, huharibu vitamini C na B1, na chai ya rangi inayonywewa pamoja na chakula huzuia chuma kuingia mwilini. Limau au nyanya husaidia.

Wakulima wa viazi vitamu wa Rachuonyo wana nafasi pia. Aina ya rangi ya chungwa iitwayo Kabode, iliyotolewa Uganda 2007, ina vitamini A tele. Mtafiti wake, Robert Mwanga, alikuwa mmoja wa wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani 2016.

Haya yote hayafuti kliniki. Kando ya ziwa, malaria, minyoo na kichocho hupunguza damu hata kwa anayekula vizuri, kwa hiyo mtoto aliyepauka apimwe kwanza. Mjamzito asiache vidonge vya chuma na foliki anavyopewa.

Lakini mama unayeanika omena, kabla hujafunga gunia la kuuza, tenga gorogoro moja ya watoto wako.