Kenya: Kwa nini hatimiliki peke yake haitoshi unaponunua nyumba

Oktoba 2023 matingatinga yaliingia katika ardhi ya kampuni ya saruji ya East African Portland Cement huko Mavoko, kaunti ya Machakos, na kubomoa nyumba za watu walioamini wamenunua kihalali. Baadhi zilikuwa za ghorofa. Mahakama ilikuwa imeamua kwamba ardhi hiyo, zaidi ya ekari 4,000, ni mali ya kampuni. Miaka 12 kabla ya hapo, Novemba 2011, wakazi wa Syokimau, eneo lisilo mbali na hapo, walibomolewa nyumba zao kwa maelezo kwamba zimejengwa kwenye ardhi ya uwanja wa ndege.

Ni rahisi kuwalaumu waliopoteza na kusema walitaka vya bei nafuu. Lakini wengi wao walikuwa na karatasi mkononi. Swali ni karatasi hizo zilikuwa na uzito gani, na mahakama za Kenya sasa zimelijibu kwa namna inayopaswa kumfanya kila mnunuzi asite kidogo kabla ya kutoa pesa.

Aprili 2023 Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi katika kesi kati ya kampuni ya Dina Management na serikali ya kaunti ya Mombasa. Kiwanja chenyewe kiko Nyali, karibu na bahari. Mmiliki wa kwanza kusajiliwa alikuwa rais wa zamani Daniel arap Moi, aliyegawiwa mwaka 1989. Kiliuzwa kwa kampuni moja, nayo ikakiuza kwa Dina, ambayo ilikuwa na hatimiliki. Majaji walisema ardhi hiyo ilikuwa imetengwa kwa matumizi ya umma na haikugawiwa kwa kufuata sheria, kwa hiyo hati iliyotokana nayo haiwezi kulindwa. Kipengele cha 40 cha Katiba ya 2010 hakilindi mali iliyopatikana kinyume cha sheria. Hoja kwamba mnunuzi wa mwisho hakujua lolote haikuiokoa kampuni.

Miezi mitano baadaye mahakama hiyo hiyo iliamua kesi ya kampuni ya Torino, iliyodai hekta 83 huko Embakasi, Nairobi, ambako jeshi lipo. Aliyeiuzia alikuwa na barua ya kugawiwa ardhi tu. Mahakama ikasema barua hiyo si umiliki. Ni ahadi yenye masharti, na asiyetimiza masharti hana cha kuuza. Ukiambiwa leo kwamba ploti "ina barua, hati iko njiani", kumbuka kesi hiyo. Cheti cha hisa cha chama cha kununua ardhi ni dhaifu zaidi.

Maana yake kwa mnunuzi wa kawaida ni kwamba kuangalia jina la muuzaji kwenye rejista ya ardhi hakutoshi. Wakili anapaswa kurudi nyuma hadi mgao wa kwanza: nani aligawa, kwa mamlaka gani, na ardhi ilikuwa ya nini kabla ya hapo. Mpima ardhi naye alinganishe ramani na alama za mipaka zilizopo shambani. Nenda mwenyewe, uongee na majirani na chifu. Mara nyingi kesi ya ardhi hujulikana kijijini kabla haijaonekana kwenye faili. Wakenya walio ng'ambo ndio walio hatarini zaidi hapa, kwa kuwa hutuma pesa kwa ndugu au dalali na kupokea picha za simu.

Wakili huyo awe wako, si wa muuzaji anayejitolea "kuwahudumia wote wawili". Kama ni shamba la kilimo, idhini ya bodi ya ardhi iombwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba. Kama ni nyumba ya familia, mume au mke wa muuzaji lazima akubali. Malipo yasikamilike kabla hati za uhamisho hazijawa tayari.

Hata hivyo, kuna jambo lisilo sawa katika haya yote. Aliyetoa hati mbovu ni serikali, aliyetunza rejista ni serikali, lakini anayetakiwa kugundua kosa ni mwalimu aliyekopa kwenye sacco. Mfumo wa kidijitali wa Ardhisasa, uliozinduliwa Aprili 2021, unarahisisha kuona rekodi, ila kosa la miaka ya themanini likiingizwa kwenye kompyuta linabaki kosa.

Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inaruhusu fidia kwa aliyeumizwa na makosa ya rejista, lakini si kwa aliyechangia hasara hiyo kwa uzembe. Baada ya kesi ya Dina, mnunuzi ambaye hakufuatilia asili ya hati yake atakuwa na kazi ngumu kumshawishi hakimu kwamba hakuzembea.